Redio ya Gari Baada ya Ufunguo Kutolewa

Saa moja ya jioni inapokaribia, katika maegesho ya kambi ya polisi ya Nsambya, kama ilivyo Naguru, Mbuya na hata huko Bombo, huonekana jambo lile lile. Gari limeegeshwa chini ya mti, injini imezimwa, mlango mmoja umeachwa wazi, na bwana mwenye gari ameketi kitini, mguu mmoja nje, akisikiliza taarifa ya habari. Mama yuko jikoni, lakini sikio lake nalo liko huko huko. Watoto wamejazana kiti cha nyuma. Kisha mwenye gari huuchomoa ufunguo ili akanawe, na redio hunyamaza katikati ya sentensi. Hapo ndipo huzaliwa wazo ambalo limekwisha kuwapeleka wengi kwa mafundi wa Katwe, Ndeeba na Soko la Kisekka: redio iunganishwe kwa namna ambayo itazungumza hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Wazo hilo si la upuuzi hata kidogo. Wako watu ambao, kwa kutaka redio tu, huiacha injini ikinguruma nusu saa nzima, wakichoma petroli bure. Wako pia wanaofanya hivyo ndani ya banda lililofungwa, na hao wanacheza na kifo, kwani moshi wa injini umebeba hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, nayo humlaza mtu kabla hajatambua kwamba amelewa. Kuisikiliza redio injini ikiwa imezimwa ni jambo la busara. Kinachohitaji kuangaliwa ni namna ya kufanya hivyo bila kuliamkia gari lililokufa alfajiri.

Na katika Uganda redio haikuwa kitu cha starehe peke yake. Tarehe 25 Januari 1971 watu wa Kampala walipata habari ya mapinduzi kwa kusogeza masikio kwenye Redio Uganda, na tarehe 11 Aprili 1979 wakasikia kwa njia ile ile kwamba utawala ule ule umeanguka. Mzee yeyote aliyeishi katika miaka ile anajua ni gari la nani lililokuwa na redio na nani aliruhusiwa kusimama karibu nalo. Leo hii stesheni zimekuwa nyingi, tangu zile za kwanza za watu binafsi, Sanyu na Capital, zilipoanza mwaka 1993, lakini desturi ya kukusanyika garini haijafa.

Redio ya gari yenyewe ilianza kwa taabu. Mwaka 1930 kampuni ya Galvin ya mjini Chicago ilianza kuuza redio za magari kwa jina la Motorola. Zilikuwa na taa za kioo ndani yake, taa ambazo zilihitaji umeme wa nguvu kubwa kuliko ule wa betri, na kwa hiyo palikuwa na chombo cha kuupandisha umeme huo, nacho kilikula betri kama mgeni mwenye njaa. Ni mwaka 1955 ambapo kampuni za Chrysler na Philco zilileta redio ya gari iliyotumia transista tupu, na tangu hapo ulaji ukapungua sana. Hata hivyo magari kama Volkswagen Kobe kwa miaka mingi yalikuwa na betri ya volti 6 tu, na mwenye kusikiliza muziki injini ikiwa imezimwa alifanya hivyo huku akiwahesabu marafiki wa kumsukuma.

Ili mtu aelewe afanye nini, hana budi kwanza kuitazama swichi ya ufunguo. Katika magari mengi ina vituo vinne. Cha kwanza kina alama ya LOCK, hapo usukani hufungwa na ufunguo hutoka. Cha pili kina herufi ACC, hapo redio na kiberiti cha sigara hupata umeme lakini injini haipati. Cha tatu ni ON, ambapo kila kitu huamka: taa za dashibodi, pampu ya mafuta na kompyuta ya injini. Cha nne ni START, cha kuizungusha stata. Mwenye haja ya kusikiliza taarifa ya robo saa hahitaji fundi wala waya; anahitaji kurudisha ufunguo hadi ACC na kuishia hapo. Ajabu ni kwamba wengi huupeleka hadi ON, kwa mazoea tu, na huko gari hula umeme mara kadhaa zaidi ya ule unaoliwa na redio. Katika magari ya zamani yenye platini, kuuacha ufunguo kwenye ON injini ikiwa imesimama kuliweza hata kuiunguza koili. Katika magari ya kisasa yenye kitufe badala ya ufunguo, kitufe kikibonyezwa mara moja bila ya mguu kukanyaga breki, gari huingia ACC; na baadhi yake hujizima yenyewe baada ya muda, jambo ambalo watu hulilaani ingawa limewaokoa mara nyingi.

Kuna magari, hasa ya kampuni ya General Motors ya Marekani, ambayo kiwandani kwake yalikwisha kupangwa ili redio iendelee kwa takriban dakika 10 baada ya ufunguo kutolewa, au mpaka mlango ufunguliwe. Watengenezaji hawakuchagua muda huo mfupi kwa ubahili; waliihesabu betri.

Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la sita anaiweza. Betri ndogo ya Kijapani iitwayo NS40, ambayo hupatikana katika magari mengi madogo ya Kampala, ina uwezo wa kama ampea 35 kwa saa ikiwa mpya. Redio ikisikilizwa kwa sauti ya kiasi hula ampea moja na nusu hivi. Kwa saa 8 za usiku zitakuwa zimekwenda ampea-saa 12, yaani theluthi moja ya betri. Betri mpya itavumilia. Lakini betri iliyokwisha kufanya kazi miaka mitatu, na ambayo mara nyingi imebaki na nusu ya uwezo wake, haitavumilia. Stata peke yake huvuta zaidi ya ampea 100 kwa sekunde zile chache, nayo haikubali mabaki. Mwenye kipaza sauti kikubwa na spika za nyuma ahesabu mara tatu au nne ya hapo. Kwa kulinganisha, taa mbili kubwa za mbele zikisahauliwa hula ampea 9 au 10, na betri hiyo hiyo itakuwa imekwisha kabla ya saa nne kupita.

Tena si kwamba betri iliyoisha hujazwa tu ikarudi kama ilivyokuwa. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa muda mfupi na kujazwa tena papo hapo. Ikiachwa tupu, mabamba ya risasi ndani yake hufunikwa na ukoko mgumu wa salfeti, na kila mara uwezo hupungua. Betri iliyokaushwa kabisa mara chache tu huenda isimalize mwaka. Kwa mita ya umeme jambo hili huonekana wazi: injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa huonyesha volti 12.6, ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 hapo kuzungusha stata ni kubahatisha.

Sasa ziangaliwe nyaya zenyewe. Redio nyingi zinazouzwa madukani huwa na waya wa njano, wa kuleta umeme wa kudumu kutoka kwenye betri. Waya mwekundu, wa kuleta umeme unaotawaliwa na ufunguo. Na waya mweusi, unaokwenda kwenye mwili wa gari. Ule wa njano ndio unaolisha redio na kuhifadhi saa na stesheni. Mwekundu kwa kawaida kazi yake ni kuiambia redio iamke au ilale, na umeme upitao humo ni kidogo sana. Ndiyo maana fundi akizigeuza mbili hizo, redio itaimba vizuri lakini kila ufunguo utolewapo itasahau stesheni zote, na saa itarudi mwanzo. Mwenye gari huidhania redio kuwa mbovu, akanunua nyingine, nayo ikasahau vile vile.

Hatari kubwa zaidi ni kuamini rangi za gari kama zile za redio. Rangi hizo za njano na nyekundu ni desturi ya watengenezaji wa redio, si ya watengenezaji wa magari. Katika Toyota nyingi, waya wa umeme wa kudumu ni wa buluu wenye mstari wa njano, ule wa ACC ni wa kijivu, na ule wa mwili wa gari ni wa kahawia. Fundi asiyelijua hilo hukata na kufunga kwa kukisia, na fyuzi huungua, na baada ya fyuzi huja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hapo pasisitizwe: fyuzi ni mlinzi aliyewekwa makusudi afe kwanza. Anayeweka karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pake ameamua kwamba kitakachoungua mara ya pili kiwe dashibodi, na dashibodi ya plastiki ikishika moto haisubiri ndoo ya maji. Waya hupimwa kwa testa yenye taa ndogo, siyo kwa macho. Unaowasha taa hata ufunguo ukiwa umetolewa ndio wa kudumu. Unaowasha kwenye ACC na kuzima kwenye LOCK ndio wa ufunguo.

Njia ambayo mafundi wa barabarani huipenda ni ya dakika tano: waya mwekundu wa redio huunganishwa na ule wa njano, vyote viwili vikafungwa kwenye umeme wa kudumu. Tangu siku hiyo ufunguo hauna amri tena juu ya redio. Inawashwa na kuzimwa kwa kitufe chake chenyewe. Njia hii inafanya kazi, na haina kosa la kiumeme ikiwa waya mwekundu umetengwa na ule wa gari. Ubaya wake uko kwa binadamu. Mtu akirudi kutoka zamu ya usiku, macho yakiwa yamemwiva, akashusha sauti hadi mwisho badala ya kuizima, asubuhi hana gari. Na hata akiizima, redio nyingine zikiwa zimeambiwa na waya mwekundu kwamba ufunguo upo hazilali usingizi mzito. Ikibaki ikila robo tu ya ampea, kwa siku ni ampea-saa 6, na kwa juma zima betri ndogo imemalizika. Pia antena ya umeme itabaki imesimama, na kipaza sauti, ikiwa kipo, kitabaki macho.

Lakini lipo kosa baya kuliko hilo, nalo hufanywa na wale wanaojiona werevu. Badala ya kuukata waya mwekundu na kuutenga, wao huchomeka kipande cha waya kati ya umeme wa kudumu na waya wa ACC wa gari lenyewe. Redio inaimba, na wao wanafurahi. Hawatambui kwamba umeme sasa unarudi nyuma na kuingia katika kila kitu kilichomo kwenye mstari wa ACC, kuanzia kiberiti cha sigara hadi chaja ya simu iliyosahauliwa humo, na kwamba mzigo wote huo unapita katika waya mwembamba ambao haukukusudiwa kubeba chochote zaidi ya redio. Waya hupata joto, ganda lake hulainika, nao hulala juu ya chuma. Magari yameungua kwa jambo hilo.

Njia iliyo bora kwa jamaa ya kawaida ni swichi ndogo ya vituo vitatu. Kwanza ncha hasi ya betri hufunguliwa, na hilo lisirukwe. Waya mwekundu unaotoka kwenye redio hukatwa katikati. Upande wa redio hufungwa kwenye mguu wa kati wa swichi. Upande wa gari, ule wa ACC, hufungwa kwenye mguu mmoja wa pembeni. Mguu wa tatu hupewa umeme wa kudumu, kupitia fyuzi yake yenyewe ya ampea 3 au 5. Kwa hiyo swichi ikielekea upande mmoja redio hutii ufunguo kama ilivyozoea. Ikielekea upande wa pili huimba bila ufunguo. Na ikiwa katikati hainong'oni kabisa. Umeme wa kudumu na ule wa ACC haukutani hata mara moja, kwa sababu swichi hugusa upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Kwa kuwa waya mwekundu hubeba umeme kidogo, swichi ya bei rahisi yatosha. Isipokuwa kwa zile redio kaseti za zamani zisizo na saa wala waya wa njano: hizo hulishwa zote na waya mmoja, na swichi yake haina budi kuwa ya ampea 10 au zaidi, pamoja na fyuzi inayolingana na ile iliyoandikwa mgongoni mwa redio.

Viungo hulehemiwa au kubanwa kwa vibano vyake, kisha hufunikwa kwa tepu ya umeme au mpira wa kusinyaa. Kusokota waya kwa vidole na kuufunika kwa mfuko wa nailoni ni kazi ya kuahirisha ubaya, na barabara za Kampala zenye mashimo huufungua msokoto huo upesi. Swichi iwekwe mahali ambapo mkono wa dereva hupita anapofungua mlango, isifichwe chini ya kiti. Aongezewe taa ndogo nyekundu inayowaka swichi ikiwa upande wa umeme wa kudumu. Taa hiyo hula sehemu ndogo mno ya ampea, na mke anayepita kwenda kuanua nguo ataiona kupitia kioo na kupiga kelele kabla ya betri kwisha.

Mwenye uwezo zaidi ataweka rilei yenye saa ndani yake, ambayo hushikilia umeme kwa dakika 10, 20 au 30 baada ya ufunguo kutolewa kisha ikauachia yenyewe. Hiyo ndiyo hasa kazi inayofanywa na magari yale ya Marekani. Waya wa ACC huiamsha rilei, umeme wa kudumu hupita ndani yake kwenda kwenye waya mwekundu wa redio. Kwa mtu anayejijua kuwa msahaulifu hakuna kitu cha kumfaa kuliko hicho, kwani hakimwombi akumbuke lolote.

Lipo jambo moja linalohusu magari yaliyotoka Japani, na katika Kampala hayo ndiyo mengi, kwa vile nchi zote mbili huendesha upande wa kushoto. Redio za Kijapani zilitengenezwa kupokea masafa ya FM ya megahezi 76 hadi 90, ilhali Uganda hutangaza katika 88 hadi 108. Redio kama hiyo itaipata Sanyu ya 88.2 na CBS ya 88.8, lakini Capital ya 91.3 na Simba ya 97.3 haitazisikia. Dawa yake ni kile kidude kiitwacho ekspanda, ambacho huchomekwa kati ya antena na redio na kuyashusha masafa. Kikishusha kwa 14, Simba hupatikana kwenye 83.3. Ekspanda nayo hula umeme. Mafundi wengi kwa kutafuta waya wa karibu huufunga waya wake kwenye umeme wa kudumu, na hapo imekuwa kupe: redio imezimwa, gari limefungwa, familia imelala, nayo inanyonya. Mwenye gari hubadilisha betri mara mbili, akabadilisha alteneta, na kosa liko ndani ya kidude kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Mahali pake ni kwenye waya wa buluu wa antena unaotoka nyuma ya redio, ambao hupata umeme pale tu redio inapowashwa. Kwa namna hiyo, swichi ikitumiwa, ekspanda itaamka na redio na kulala nayo.

Kwa malori na mabasi mambo ni mengine. Mengi kati yake yana betri mbili za volti 12 zilizofuatana ili kutoa volti 24. Dereva anayetaka kuweka redio ya volti 12 hushawishika kuichomeka kwenye betri moja peke yake, na redio huimba bila tatizo. Lakini betri hiyo hutumika peke yake na kujazwa pamoja na mwenzake. Mmoja hubaki na njaa na mwingine huvimbiwa, na baada ya miezi michache zote mbili huwa zimeharibika, moja kwa kukauka na nyingine kwa kuchemka. Kinachotakiwa ni chombo cha kupunguza volti 24 kuwa 12, kinacholishwa na betri zote mbili.

Hayo yote yanahusu gari la mtu binafsi. Gari la serikali halikatwi waya na dereva wake, awe koplo au inspekta. Magari ya doria huwa na redio ya mawasiliano ambayo, kwa utaratibu wa kawaida, hupewa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri na kulindwa kwa fyuzi karibu na betri hiyo, ili ifanye kazi hata injini ikiwa imezimwa. Muziki wa dereva ukiikausha betri ile ile, kinachonyamaza usiku huo ni sauti ya kuomba msaada.

Nyumbani, mwenye kusumbuliwa zaidi na suala hili ni mama. Bwana anapokuwa zamu, na mtoto amepandwa na homa saa nane za usiku, gari ndilo njia ya kufika hospitali ya Mulago au Nsambya. Zamani gari lenye betri iliyokwisha lilisukumwa na majirani wanne likawaka. Magari mengi ya leo ni ya otomatiki, na gari la otomatiki halisukumwi likawaka, hata wasukumaji wawe kikosi kizima. Ndiyo sababu katika buti panapaswa kuwa na nyaya mbili nene za kuazima umeme, na mama afundishwe matumizi yake mchana, kwa utulivu, siyo usiku huo. Waya mwekundu huanza kwenye ncha chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye ncha chanya ya betri nzima. Mweusi huanza kwenye ncha hasi ya betri nzima, na mwisho wake hubanwa kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa hewa ya haidrojeni na cheche yaweza kuilipua. Sigara zikae mbali. Gari zima liwashwe, liachwe lingurume dakika tano, ndipo lililokufa lijaribiwe.

Kuhusu watoto, hapa swichi inayo sifa ambayo ufunguo hauna. Ufunguo ukiachwa kwenye ACC ili watoto wasikilize nyimbo, uko hatua mbili tu kutoka START, na mtoto wa miaka minne ana nguvu za kutosha kuuzungusha. Gari lililoachwa ndani ya gia litaruka mbele. Kwa hiyo ikiwa familia ina desturi ya kuketi garini, afadhali redio iongozwe na swichi na ufunguo ukae mfukoni mwa baba. Hata hivyo haifai watoto wafungiwe humo. Jua la saa sita huigeuza gari kuwa tanuri kwa muda mfupi, hata vioo vikiwa vimeshushwa kidogo. Na ikiwa haja yenyewe ni redio ya uani jioni, basi kiredio kidogo cha betri kavu mbili hufanya kazi hiyo kwa majuma mengi, kikatundikwa kwenye msumari wa jikoni, na gari likaachwa lipumzike.

Limebaki suala la askari anayepelekwa mbali. Tangu Machi 2007 wengi wametumwa Somalia, na gari hubaki nyumbani miezi kadhaa bila kuwashwa. Gari lisilo na kosa lolote, redio ikiwa imezimwa sawasawa, bado hula kidogo kwa ajili ya saa, kengele ya wizi na kumbukumbu za kompyuta, ampea 0.03 ni kiwango cha kawaida. Kwa siku 30 hiyo ni karibu ampea-saa 22, zaidi ya nusu ya betri ndogo. Likiongezwa swichi lililosahauliwa au ekspanda iliyofungwa vibaya, mwezi wenyewe hautafika. Mwenye kusafiri ama amwachie mtu ufunguo alitembeze gari kwa nusu saa kila juma, kwani kuliwasha dakika mbili na kulizima hula zaidi ya kinachorudi, ama afungue ncha hasi ya betri kabla ya kuondoka.

Kabla ya kuifungua ncha hiyo, na hata kabla ya fundi kugusa waya wowote, iulizwe kwanza kama redio ina namba ya siri. Redio nyingi za Kijapani hujifunga zikikatiwa umeme, zikamwandikia mwenyewe maneno ya Kijapani na kudai namba, au kadi ya ramani iliyobaki kwa mwenye gari wa kwanza huko Japani. Betri ikiisha usiku mmoja tu kwa ajili ya muziki, redio yenyewe yaweza isizungumze tena mpaka alipwe mtu wa kuifungua. Namba hiyo ikipatikana iandikwe kwenye karatasi na kuwekwa ndani ya nyumba pamoja na kadi ya gari, wala isiachwe kwenye kisanduku cha dashibodi, ambako mwizi wa redio ataikuta imemsubiri.